Onja Kwanza

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, mtoto amemlalia mapajani, na beseni dogo amelificha chini ya kanga ili watu wasilione. Mimi nilikaa pale tangu kiangazi kimoja mpaka uwele wa mwaka uliofuata ulipovunwa. Mimi si mtu wa kuandika. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hata hivi vijimaneno ninavyoandika jioni huwa navikata asubuhi, nikiona nimejipendelea. Haya sijayakata. Nimejaribu kumpa kila mtu haki yake, na nisipojua jambo nimesema sijui.

Mtoto anaitwa Tabitha. Sikumzaa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajasema vizuri, na mimi niliolewa na baba yake, Elia, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale Kizota, Dodoma, mtoto akiwa na miaka mitano. Aliniita mama tangu wiki ya kwanza bila kufundishwa na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyetuhudumia aliishia kwenye swali la nani amemzaa.

Tumbo lilianza akiwa darasa la pili, kipindi cha upepo, vumbi linapoingia mpaka kwenye unga. Alikuwa anakula matonge mawili au matatu, kisha anaweka kiganja hapa chini ya kifua, kwenye chembe cha moyo, anasema, "Mama, nimeshiba." Baadaye anacheua kitu kichachu, uso unamkunjika, anakwenda nyuma ya nyumba kutema. Elia alisema, "Anadeka huyo. Iache njaa imfundishe." Njaa haikumfundisha kitu. Alikuwa na njaa na hawezi kula, na watu wazima tulishindwa kuelewa kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja.

Zahanati ya kwanza ilitupa dawa ya minyoo. Ya pili ilitupa ya amiba. Duka la dawa lilitupa vidonge vya maumivu, vile vya mgongo na viungo, na nilimpa, kwa sababu alilala vizuri akivimeza. Daktari aliniambia baadaye kwamba vidonge vya aina ile huweza kulichubua tumbo zaidi. Basi uliza kabla hujanunua. Mimi sikujua kama kuna la kuuliza.

Shuleni walimpa jina. Mtoto wa miaka minane anayetapika uji wa saa nne, tumbo limejaa gesi na miguu imekuwa vijiti, wenzake walimwita Mama Kijacho. Walikuwa wanampisha njiani na kumwambia, "Pita mama, usijikwae, utajifungua hapa." Aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema, "Basi mchezo wao unaumiza."

Nguo zake nilizipunguza kiunoni, nikazipunguza tena. Nywele za mbele zikawa nyepesi na rangi ya kutu. Mimi nauza karanga na choroko soko la Majengo, na mezani kwangu maneno yalifika kabla ya wateja. Mwenzangu mmoja, ambaye tulikuwa tunaazimana hata mizani, alimwambia mteja mbele yangu, huku anacheka, "Karanga zake chukua tu, dada. Za nyumbani ndizo usionje." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo. Sijui kwa nini.

Kwenye kliniki ya watoto muuguzi alituita baada ya kukaa asubuhi nzima. Alikuwa amechoka, na wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka nje kwenye jua, kwa hiyo simlaumu.

"Mtoto anakula nini nyumbani?"

"Tunachokula sisi. Lakini hakikai."

"Wewe ndiye mama mzazi?"

"Hapana. Mama wa kambo."

Kalamu yake ilisimama. Akamgeukia Tabitha, sauti ikawa laini. "Mrembo, nyumbani unapewa chakula?"

"Napewa."

"Unapewa na nani?"

"Mama huyu."

"Na ukila inakuwaje?"

Tabitha alifikiri, maana ni mtoto wa kujibu vizuri. Akasema, "Chakula cha mama kinaniuma."

Ilikuwa kweli. Kilikuwa chakula changu na kilikuwa kinamuuma. Lakini benchi zima lilisikia, na kwenye benchi lile alikuwepo mtu wa kwao marehemu mama yake Tabitha, kule Chemba. Sentensi ile ilipanda basi kabla sisi hatujapata dawa.

Bibi yake Tabitha, mama wa marehemu, alishuka kwetu wiki iliyofuata na mfuko wa unga wa uwele na mlenda mkavu uliofungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Akaliinua gauni la Tabitha, akapitisha kidole kwenye mbavu, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayepapasa gunia kuona kama limechanika. Akamwambia neno kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi, ambayo mimi siijui hata salamu. Tabitha akajibu kwa lugha hiyohiyo. Kisha Bibi akanitazama. "Leah, kuanzia leo mwiko nipe mimi."

Nikampa. Alikuwa amezika binti, na sasa mjukuu pekee aliyebaki kwa binti huyo alikuwa anaisha mbele ya macho yake kwenye nyumba ya mwanamke mwingine. Ningekuwa yeye, sidhani kama ningeomba mwiko kwa upole ule.

Alimpikia uji mwepesi wa uwele, akampa kidogo kidogo kutwa nzima, kijiko na kupumzika, kijiko na kupumzika. Wakati huohuo kliniki ilikuwa imetupa dawa ya maji ya kupunguza kiungulia. Uji ukakaa. Tabitha alianza kumaliza kikombe. Akacheka. Akaruka kamba tena na watoto wa jirani. Kama ni uji au ni dawa, mimi sijui mpaka leo. Mtaa ulijua. Kwenye bomba la maji jirani yangu aliniambia, ndoo iko kichwani, "Mzee wa watu kaja na uji mtupu, mtoto kainuka. Wewe mwenzetu ulikuwa unapika nini?"

Nilifurahi mtoto kuinuka. Lakini kila kijiko kilichokaa tumboni kwake kilikuwa ushahidi dhidi yangu, na siwezi kuapa kwamba furaha yangu ilikuwa nzima.

Usiku walilala wawili, Bibi na mjukuu, mimi nasikia ulimi unagonga gizani. Bibi alishasema wazi kwamba Tabitha akipata nguvu za safari, atamchukua moja kwa moja. Elia hakukataa wala hakukubali. Niliogopa mambo mawili: kwamba mtoto ataniacha, na kwamba huko aendako, likimshika tena, hospitali kubwa iko mbali. Lipi lilikuwa kubwa kuliko jingine nilibadilisha mawazo kila siku.

Dawa ya maji iliisha, na kliniki ikawa haina nyingine. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, mchana mmoja Elia alikuwa amekuja kula. Tabitha alikunywa uji nusu kikombe, akasimama, akashika meza. Alichotapika kilikuwa cheusi, kama mashapo ya kahawa. Kisha kikaja chekundu. Elia akalidaka beseni, na hata leo nikikumbuka namna alivyomshika paji la uso namsamehe mengi.

Bibi alisimama katikati ya jiko. "Uji ni wangu," akasema. "Unga nimeuleta mimi. Maji nimechota mimi." Akageuka taratibu. "Chumvi ni ya nani?"

Chumvi ilikuwa ya jikoni kwangu, kwenye kopo lilelile la siku zote.

Elia alimpa Bibi beseni. Akachukua lile kopo, akaenda mlangoni, akaimwaga chumvi yote chini kwenye tope. Hakunitazama. Akarudi, akambeba mtoto, tukaingia kwenye bajaji.

Baadaye aliniambia alifanya vile ili Bibi asianze kubishana tukachelewa. Inawezekana. Nimeandika kama alivyosema. Ila niliporudi nyumbani kuchukua nguo niliwakuta mbuzi wa jirani wanairamba ile chumvi, na siku zilizofuata nilijikuta nachungulia kuona kama wale mbuzi ni wazima. Mimi mwenyewe. Chumvi niliyoinunua mwenyewe na kuila mwenyewe. Ukiambiwa jambo na watu wengi kwa muda mrefu unaanza kujikagua mikono.

Wodini walimwongeza Tabitha damu. Mdomo wake ulikuwa rangi ya majivu, kisha polepole ukarudi. Alikuwa hatakiwi kula kitu, na wodi nzima inakula. Akafumba macho ili asione vijiko vya wenzake. Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Kibaigwa na mtoto mchanga mwenye kifua. Siku ya pili aliniambia, "Dada nishikie huyu nikaoge," akaniwekea mtoto mikononi na kuondoka bila kugeuka. Sikuwa nimekabidhiwa mtoto na mtu yeyote tangu maneno yaanze. Nilimshika yule mchanga kama nimepewa cheo. Mama yule hakujua alichonipa, na sikumwambia.

Kipimo walichotaka kumfanyia ni mpira mwembamba wenye taa, unaopita mdomoni mpaka tumboni. Mzazi unabaki nje. Kama mtoto wako atafanyiwa, usimwambie hautauma wala usimwambie utauma. Mwambie atapuliziwa kitu kichungu kooni, atapata usingizi, na akiamka utakuwepo. Halafu uwepo. Mlangoni Tabitha aliuliza, "Wataona kilichomo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi wamwambie Bibi."

Daktari alikuwa dada kijana, anaongea haraka. Alisema kuna kidonda pale tumbo linapoishia, na kuna vijidudu ndani yake.

"Vidonda vya tumbo?" Elia akasema. "Hivyo si vya watu wenye mawazo? Mtoto ana mawazo gani?"

"Si mawazo, baba. Hata watoto wanapata."

Niliuliza nilichokuwa nimekibeba. "Si sumu?"

Akatutazama mmoja mmoja. "Nani kasema sumu?"

Elia aliangalia viatu vyake. Bibi aliangalia dirisha.

"Si sumu," daktari akasema.

Nilidhani hapo ndipo pangekuwa mwisho. Kwenye korido Bibi alivuta kanga yake vizuri, akasema bila hasira, "Mashine imeona kidonda. Aliyekitia haijamwona."

Alitaka kuondoka naye siku tuliyoruhusiwa. Daktari alitaka amwone tena dawa zikiisha. Tulikaa sebuleni, Bibi, Elia na mimi, na mtoto kwenye mkeka anasikia kila kitu. Bibi alisema atakubali mtoto abaki Dodoma mpaka kipimo cha pili kwa sharti moja. Kwao, na hata kwetu Wagogo, mwenye nyumba akimpa mgeni pombe, huonja yeye kwanza, mgeni akimwona. Basi kila kitakachoingia mdomoni kwa Tabitha, mimi nionje kwanza.

"Na iwe kwa kijiko kilekile," akasema. "Sumu hupakwa kijikoni."

Elia alinigeukia. "Mama Tabitha, kubali tu. Ni kuonja. Kuna ubaya gani?"

Nikakubali. Kusema kweli niliona nimepona. Nilifikiri wataniona ninakula, ninaishi, na maneno yataisha yenyewe.

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Tabitha anakaa mikono mapajani. Nachota, naonja, nameza, nafungua mdomo Bibi aangalie, nampa mtoto kijiko kilekile. Hata dawa ya maji nilionja. Mwanzoni Bibi ndiye aliyekuwa akinitazama. Baada ya muda nilimwona na Tabitha ananitazama, si usoni. Hapa, kwenye koo. Alikuwa anasubiri funda lishuke.

Alipata nafuu, kisha kiungulia kikarudi kidogo, kisha zaidi. Tukapeleka kipimo cha choo. Vijidudu bado vilikuwepo.

"Dawa mlimaliza?" daktari akauliza.

"Tulimaliza zote," nikasema. Hilo nina hakika nalo.

"Kuna mtu anatumia naye chombo kimoja? Kikombe, kijiko?"

Nikasema, "Mimi ninaonja."

"Unaonja nini?"

"Kila kitu. Kwa kijiko chake."

"Kwa sababu gani, mama?"

Nikamweleza. Elia hakunisaidia hata neno moja, ingawa pia hakukanusha. Daktari aliweka kalamu chini.

"Sikiliza," akasema. "Sisemi ni wewe. Wakati mwingine dawa tu hazishindi mara ya kwanza. Na hivi vijidudu nyumba nyingi vipo, vinapitaje hasa hatuna uhakika wote. Lakini kijiko hicho acheni leo. Na mpimwe nyote."

Tulipimwa. Mimi nilikuwa navyo. Elia alikuwa navyo. Bibi alikataa, akasema tumbo lake halijawahi kumkosea adabu. Kwa hiyo vilianzia kwa nani, hakuna atakayejua. Inaweza kuwa ni mimi tangu mwanzo, kwenye tonge nililompulizia lipoe. Inaweza kuwa Elia. Inaweza kuwa Bibi, alipomlea kwao kabla sijaolewa, mdogo asiye na mama, na kumtafunia chakula, kama tulivyotafuniwa sote. Nimeiandika hivyo na kuikata mara nyingi, nikaona ndiyo haki yenyewe: sijui.

Bibi yeye hakuwa na shaka. Alisema, akiwa amekaa kwenye kigoda changu, "Nilisema tangu mwanzo kwamba kinatoka mkononi kwake. Mkaniona mzee wa shamba." Aliponishuku bure sikuwa na jibu, na sasa nilipokuwa na kitu kweli ndani yangu sikuwa nalo pia.

Awamu ya pili ya dawa tulimeza sote watatu, mtoto, Elia na mimi. Mdomo ukawa na ladha ya msumari. Nilitapika kwenye beseni lilelile, na Tabitha akaniletea maji. Akaniuliza, "Chakula kinakuuma?" Nikasema ndiyo. Akakaa karibu yangu, akaweka kiganja chake pale pale, kwenye chembe cha moyo, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kuketi. Kwa muda wote wa ugonjwa ule, hiyo ndiyo saa ninayoipenda.

Kipimo kilichofuata kilitoka safi. Uwele ulikuwa umekauka shambani, na Bibi alikuwa hana mtu wa kuwafukuza ndege na kuvuna. Alifunga mzigo wake. Stendi, mbele ya basi la Chemba, aliinama akamuuliza Tabitha kwa lugha yao. Sikuelewa maneno ila niliijua sauti, maana kulikuwa na swali moja tu lililobaki. Elia alikuwa ameshika begi dogo la mtoto, tayari kwa lolote. Mimi nilishika nguzo.

Tabitha angeweza kujibu kwa lugha ileile. Alijibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Nitakaa na mama," akasema. "Lakini awe anaonja."

Bibi alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, na sikuona kama ni ushindi au huruma. Akapanda. Huwa anatutumia mlenda mkavu kila mwaka, na mimi namtumia karanga. Sijui kama anazila.

Sasa Tabitha ni mzima. Gauni nimelitoa upindo wote. Anakula ugali, anakula maharage, akizidisha pilipili anacheua na kucheka. Ukiwa kwenye benchi lile, jua kwamba inawezekana. Mtoto akisema chakula kinamuuma, mwamini kabla hujatafuta nani amekipika. Omba apimwe mapema. Ukiulizwa kama ndiye uliyemzaa, jibu kweli, hata kalamu ikisimama. Na kila mtu awe na kijiko chake.

Cha kwangu kina mpini uliopinda. Jumapili iliyopita alikuja rafiki yake wa shule, mmoja wa wale waliokuwa wakimwita Mama Kijacho, siku hizi wanasuka nywele pamoja. Nilipika wali na njegere. Tabitha alimpakulia mgeni wake, akajipakulia, kisha akaniletea kijiko changu na sahani ndogo yenye wali kidogo.

"Mbona mama yako anakula amesimama?" yule mtoto akauliza.

"Hali. Anaonja."

"Kwani hakijaiva?"

"Kimeiva," Tabitha akasema. "Kwetu ndivyo tunavyoanza."

Akaniangalia kooni. Mgeni wake naye, kwa kuona mwenzake anaangalia, akaangalia. Nikameza. Ndipo wakaanza kula.